Mito Miwili

Kilo moja ya chuma, shilingi arobaini na tano.
Ndivyo alivyosema yule kijana wa mizani,
akaigonga bodi kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua dafu.
Ikamjibu kwa sauti ya debe.

Nikamwambia, ngoja kwanza.
Mimi mwenyewe nangoja tangu Machi.

Pijo hili, rangi ya chai iliyotiwa maziwa kwa ubahili,
lilikuja kwetu Tudor mwaka wa mvua ile kubwa,
na tangu hapo chumvi inalila
kuanzia chini, pasipoonekana,
kama deni.
Upande wa abiria nimetandika kipande cha jamvi.
Ukikifunua, unaiona barabara ya Makupa ikipita.

Shamsa, mwanangu wa benki, hunipigia hesabu kwa simu:
rejeta Februari, elfu kumi na mbili,
klachi Aprili, pampu ya maji baada ya Idi,
na jumla huitamka polepole
kama anayemsomea mgonjwa majibu yake.
"Mama, hilo gari linakula kutushinda sote."
Nami sina la kujibu.
Likoni lilinizimikia pale pale penye mteremko wa feri,
honi nyuma yangu, jua utosini,
watu wakalisukuma, mmoja akicheka:
"Bibi, hili si la barabarani, lipeleke Ngomeni
wazungu walitazame kwa tikiti!"
Trei mbili za sambusa zikapoa siku ile.

Jumamosi akanipeleka yadi, ng'ambo ya daraja la Nyali.
Magari yamepangwa yanang'aa, yameshuka melini juzi,
redio zao zingali zinasema Kijapani.
Nikaingia katika moja jeupe, dogo kama kabati ya vyombo.
Muuzaji akabonyeza kitu,
na kiti kikanisogeza. Taratibu. Mbele.
Mpaka miguu yangu ikafika.

Miguu yangu ikafika!
Nikakaa kimya, kiatu juu ya breki,
nikahesabu. Miaka tisa.

Maana Mselem alikuwa mrefu, mlingoti,
na reli ya kiti ilishika kutu pale alipoiacha yeye.
Miaka tisa naendesha na mito miwili mgongoni,
ule wa kijani na ule wa kitenge,
naitafuta klachi kwa ncha ya kidole gumba,
na kila fundi akisema tukilegeze, nasema acha,
nikiisingizia kutu.

Sikulinunua lile jeupe. Shamsa alinuna hadi Buxton.
Jumatatu nikaenda Changamwe kwa Mwakio,
nikamwambia, leo si injini.
Leo kiti.

Akamimina dizeli, akangoja.
Akagonga, akatukana kidogo, akaniomba radhi.
Akalala chali chini ya usukani mpaka adhana ya alasiri.
Kisha reli ikalia mara moja tu, kama jino ling'okapo,
na kiti kikatembea.

Chini yake: kokwa tatu za tende,
tikiti ya feri iliyofifia, kalamu isiyo na kifuniko.
Mwakio akavifuta kwa tambara, akaniwekea kiganjani.
Kokwa nimezitupa. Tikiti ilinimomonyokea mkononi.
Kalamu nimeijaribu, haiandiki.

Leo kijana wa mizani kapiga simu tena.
Chuma kimepanda, asema, hamsini.
Nikamwambia, rejeta ikifa tena tutaongea,
na sikumdanganya. Halifiki mbali, nalijua,
na Shamsa ana haki yake, na hesabu ni hesabu.
Lakini Pijo hili sijawahi kuliendesha.
Nimekuwa nikilishikia tu,
kama mtu anayemwekea mwenziwe nafasi kwenye foleni.

Kesho alfajiri, trei zikiwa nyuma,
mito nimeiacha kitandani,
nitapita Makupa nimeegemea.